Homa yako si homa yangu: Maneno ya tiba yanayoweza kutuponza

NENO ‘homa’ ni fupi, jepesi kulitamka, na hakuna Mkenya asiyelijua. Tatizo ni kwamba tunalijua kwa maana mbili zisizopatana. Katika Kiswahili sanifu, na vinywani mwa wasemaji wa Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam, homa ni hali ya mwili kuwa na joto kupita kiasi. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na hiyo ndiyo maana lililokuja nayo. Lakini muulize mtu wa Navakholo, au wa Nakuru na Nairobi, homa ni nini. Yamkini atakujibu kwa kugusa pua: kupiga chafya, makamasi, koo kuwasha. Hali hiyo kwa Kiswahili sanifu huitwa mafua.

Juma hili tuyaangalie maneno ya tiba yanayokaribiana kwa sauti au kwa maana, hadi watu wakayadhania kuwa ni mamoja. Katika nyanja nyingine za lugha mkanganyiko wa aina hii huishia katika alama chache za mtihani au kicheko. Katika tiba, huweza kumfanya mama achelewe kumpeleka mtoto hospitalini, au mzee aache dawa ambazo hakustahili kuziacha.

Nimeichagua Navakholo kwa makusudi. Ni eneobunge na kaunti ndogo katika Kaunti ya Kakamega, na ndiko waliko Wanyala, mojawapo ya jamii za Waluhya. Ndiposa wadi zake tatu zikaitwa Bunyala Magharibi, Bunyala Mashariki na Bunyala ya Kati. Lugha ya nyumbani huko ni Lunyala. Mhudumu wa afya kwa upande wake alisomea kazi yake kwa Kiingereza, na pengine ametoka Kisii, Machakos au Turkana. Anapoketi na mgonjwa anayefikiri kwa Lunyala, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, ambayo kwa wote wawili ni ya pili au ya tatu. Kila mmoja ana Kiswahili chake, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amemwelewa.

Hili si suala la ufasaha tu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake ya kiafya na matibabu yanayopatikana, na pale inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa, akizingatia pia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria imetaja kuelewa, wala si kusikia tu.

Homa, mafua na malaria

Tuchukue mfano wa mazungumzo ambayo msomaji wa magharibi mwa Kenya atayatambua mara moja. Mhudumu wa afya ya jamii amebisha hodi bomani, akakaribishwa kiti.

“Mama, mtoto ako na homa?”

“Hapana daktari, homa hana. Pua iko sawa. Ni mwili tu uko moto tangu jana usiku, na hataki kunyonya.”

Mama amesema kweli. Mhudumu naye ameuliza sawasawa, kwa mujibu wa kamusi. Hata hivyo, mhudumu mwenye haraka atasikia “homa hana” aandike hivyo, kabla ya sentensi ya mwisho kumfikia. Tena sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba habari yote. Mtoto huyu ana homa kwa maana ya kamusi, ila mama yake analitumia neno hilo kwa jambo jingine.

Kakamega ni miongoni mwa kaunti nane za magharibi mwa Kenya zilizoteuliwa kwa majaribio ya utoaji wa chanjo ya malaria yaliyoanza Septemba 2019. Haikuteuliwa bure. Ukanda huo wote unaozunguka Ziwa Victoria una malaria mwaka mzima, na dalili ya kwanza kuonekana kwa mtoto mara nyingi ni joto la mwili. Ushauri wa wataalamu ni kwamba mtoto huyo apimwe na aanze matibabu ndani ya saa 24. Bango likiandikwa “Mtoto akiwa na homa, mpeleke hospitalini mara moja”, msomaji wa Kenya anaweza kuliona kuwa limetia chumvi. Nani anayekimbia hospitalini kwa sababu ya makamasi? Atampa mtoto chai yenye tangawizi na kungojea.

Maana hii ya Kenya imetoka wapi? Njia mojawapo ni rahisi kuiona. Mafua makali huja na joto mwilini, hivyo dalili moja hulipa jina kundi zima la dalili zinazoandamana nayo. Kisha kuna majina ya magonjwa yanayoanza na neno hilo: homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, homa ya manjano, homa ya ini, homa ya mapafu, yaani nimonia, na Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa na wanasayansi karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika majina haya yote, homa imesimamia joto la mwili au ugonjwa unaoandamana nalo. Lakini zilipokuja ‘homa ya ndege’ na, mnamo 2009, ‘homa ya nguruwe’, neno lilitumiwa kutajia mafua ya aina fulani. Sisi wa vyombo vya habari tulilibeba hivyo na kulieneza.

Hata neno ‘malaria’ lina makosa yake ya kihistoria. Kwa Kiitaliano lilimaanisha hewa mbaya, kwani watu waliamini kwamba ugonjwa hutokana na mvuke wa vinamasi. Mnamo 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba mbu ndiye anayehusika. Imani ilibadilika, jina likabaki. Nasi siku hizi tumelipanua: mtu akiamka viungo vinamuuma husema, “Nasikia malaria.” Homa ni dalili, malaria ni ugonjwa. Mwenye homa huenda ana malaria, nimonia, taifodi au jambo jingine kabisa. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa.

Jirani wa mafua ni kifua. Mzizi ‘-fua’ unasikika katika yote mawili. Mafua hukaa puani na kooni, ilhali kifua ni sehemu ya mwili. Hata hivyo, katika Kiswahili cha mazungumzo ‘mtoto ana kifua’ humaanisha anakohoa au anapumua kwa shida. Ukiongeza ‘kikuu’ unapata kifua kikuu, ugonjwa unaohitaji miezi sita ya dawa kwa kawaida. Mhudumu akisikia “nina kifua”, hana budi kuuliza swali la pili: tangu lini, kuna kukohoa damu, kuna jasho la usiku?

Anayeugua na anayeuguza

Kundi la pili limejengwa kwa mzizi mmoja. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza anayeugua, na ndiko tunakopata muuguzi na uuguzi. Kuugulia ni kulalama kwa maumivu, kutoa sauti ya anayeteseka. Mgonjwa anaugua, muuguzi anauguza, na mgonjwa huyohuyo, tukimtazama kwa upande wa huduma anayopewa, anauguzwa.

Sasa fungua gazeti: “Watu watatu wanauguza majeraha katika hospitali ya kaunti baada ya matatu kupinduka.” Tumeizoea sentensi hii hadi haitukeri tena. Ukiifuata sarufi, majeruhi hao ndio waliogeuka wauguzi wa vidonda vyao wenyewe, huku wauguzi halisi wamekaa. Wapo watakaosema kuwa matumizi yameshakubalika, nami siwezi kuwapinga kwa rungu. Ila mwandishi anayetaka usahihi ataandika kwamba wanatibiwa majeraha, au wamelazwa kwa majeraha.

Kiambishi ‘-w-’ kina uzito zaidi katika kitenzi ‘ambukiza’. Aliyeambukiza ametoa ugonjwa, aliyeambukizwa ameupokea. Herufi moja inatenganisha anayelaumiwa na anayehurumiwa. Mara ngapi tumesikia “fulani aliambukiza Ukimwi akiwa Nairobi”, msemaji akikusudia aliambukizwa? Kosa la aina hiyohiyo limo katika ‘mwathiri’ na ‘mwathiriwa’. Mwathiri ni anayesababisha athari, na mwathiriwa ni yule iliyemfika.

Hapo hapo tutenganishe VVU na Ukimwi. VVU ni virusi vyenyewe. Ukimwi, yaani upungufu wa kinga mwilini, ni hali inayoweza kufuata iwapo virusi hivyo vitaachwa bila kudhibitiwa. Mtu anaweza kuishi na VVU miaka mingi, akilima miwa yake na kusomesha watoto, bila kuwa mgonjwa wa Ukimwi hata siku moja. Kumwita ‘mgonjwa wa Ukimwi’ ni kukosea kitabibu, na pia ni kumpaka tope ambalo halimstahili.

Kutibu, kuponya, kupoza, kudhibiti

Hapa ndipo gharama ya maneno ilipo kubwa zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema “daktari alimtibu” tukimaanisha kwamba mtu alipona. Lakini kutibu ni kushughulikia ugonjwa. Tiba, matibabu, tabibu na utabibu zote ni za ukoo huo wenye asili ya Kiarabu, na hakuna hata moja inayotoa ahadi ya matokeo. Kuponya ni kumfanya mtu apone, yaani ugonjwa umtoke. Mtu anaweza kutibiwa na asipone, na anaweza kupona bila kutibiwa. Kitenzi ‘pona’ chenyewe kina maana nyingine ya kuepuka hatari, ndiyo maana aliyenusurika ajali husemwa ‘aliponea chupuchupu’.

Kupoza ni kupunguza makali. Maji hupoza chai, na dawa ya maumivu hupoza kichwa kinachogonga. Maumivu yanapopoa, ugonjwa huenda bado upo. Kudhibiti nako ni kuuzuia ugonjwa usivuke mipaka, kama mtu anavyomshika ng’ombe mkali kwa kamba. Ng’ombe hajatoweka. Ukiiachilia kamba, atakimbia.

Sasa mfikirie mama mzee, kukhu kama wanavyomwita wajukuu, aliyetoka kliniki na dawa za shinikizo la damu. Aliambiwa, “Kukhu, hizi zitakutibu.” Yeye akasikia kwamba zitamponya. Mwezi mmoja baadaye hana kizunguzungu, kichwa hakimuumi, anapalilia shamba. Kwa mantiki yake amepona, na dawa za nini tena? Anaziacha. Amefanya jambo la busara kabisa kulingana na neno alilopewa. Angeambiwa, “Kukhu, hizi haziponyi. Zinaishika presha isipande. Siku ukiacha, itarudi hata kama husikii chochote,” angekuwa na sababu ya kuendelea.

Katika jambo hili Kiswahili cha VVU kimetutangulia. Dawa zake huitwa dawa za kupunguza makali ya VVU. Jina hilo halikudanganya. Limesema zinachofanya, na kwa kunyamaza limesema zisichofanya. Shinikizo la damu na kisukari hazijapata jina la dawa lenye ukweli kama huo.

Kuna neno jingine linalokaribiana na ‘poza’ kwa sauti, nalo ni ‘pooza’. Kupooza ni kiungo kukosa nguvu au hisia, na ugonjwa wa polio huitwa pia ugonjwa wa kupooza. Tofauti ipo katika idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: katika ‘poza’ unaangukia ‘po’, na katika ‘pooza’ unaangukia ‘o’ ya pili. Dawa ya kupoza mguu inatakiwa. Dawa ya kupooza mguu hakuna anayeitaka. Wasemaji wa lugha za Waluhya wana bahati katika hili, kwani urefu wa irabu hutofautisha maana katika lugha zao pia, na sikio lao limezoea.

Damu au tamu?

Penye shida kwao ni konsonanti. Katika baadhi ya lugha za jamii hiyo, Lubukusu ikiwa mfano ulio wazi, sauti d na g hazisimami peke yake, bali hutokea baada ya nazali, kama katika ‘nd’ na ‘ng’. Msemaji aliyekulia lugha ya namna hiyo anapozungumza Kiswahili, ‘dawa’ huweza kusikika ‘tawa’, na ‘damu’ ikawa ‘tamu’. Hakuna aibu katika hilo. Kila mtu huingia lugha ya pili na viatu vya lugha ya kwanza. Lakini mhudumu mgeni anapaswa kulijua. Mzee anayelalamika kwamba mkojo wake una ‘tamu’ anaweza kuwa anaeleza damu. Mgeni akidhani ni habari za sukari, atampima kisukari na kumrudisha nyumbani na jambo lililomleta. Kuuliza “rangi yake ikoje, mzee?” kunatatua fumbo hilo kwa sekunde mbili.

Vivyo hivyo kuna kudunga na kutunga. Sindano ya daktari hudungwa au huchomwa, nayo sindano ya fundi cherehani hutungwa uzi.

Sukari iliyopanda

Navakholo ni nchi ya miwa. Ukisikia mtu akisema “sukari imepanda”, unalazimika kuangalia uso wake ujue kama anazungumzia duka au damu. Ugonjwa wenyewe huitwa kisukari, na kiambishi ‘ki-’ hakikuwekwa kwa urembo. Kiswahili kina magonjwa mengi yaliyovaa kiambishi hicho: kifafa, kifaduro, kiharusi, kichocho, kisonono, kipindupindu. Ukikiondoa ‘ki-’ na kusema “nina sukari”, unauondoa ugonjwa na kubakiza kiungo cha chai. Matokeo yake ni imani kwamba kisukari husababishwa na kula sukari basi, na kwamba asiyekoroga sukari katika chai yuko salama. Ugali, viazi na wali, ambavyo mwili huvigeuza kuwa sukari, havitajwi. Mgonjwa huacha chai tamu na kuendelea na mlima wa ugali, kisha hushangaa kwa nini kipimo hakishuki.

Ndugu yake ni ‘presha’. Katika lugha ya mtaani presha ni msongo wa mawazo: “Usinipatie presha.” Katika kliniki ni shinikizo la damu. Mtu asiye na mawazo mengi hudhani hawezi kuwa na presha, na aliye nayo hudhani itaisha deni likilipwa. Mawazo yanaweza kuchangia, lakini shinikizo la damu humpata hata mtu mtulivu asiye na adui wala deni, na mara nyingi haliumi mahali popote. Kipimo pekee ndicho kinachosema.

Tuongeze kitenzi kimoja kinachowachekesha wageni kutoka Tanzania. Mama wa Kenya husema, “Mtoto anaendesha.” Mgeni atauliza, anaendesha nini, gari au baiskeli? Anachosema mama ni kwamba mtoto anahara. Kamusi hutupa ‘hara’ na ‘harisha’. ‘Endesha’ ni tafsida yetu, neno la staha la kuepuka kutaja choo mbele ya watu. Si kosa. Ila anayeandika kijikaratasi cha maagizo aandike ‘kuhara’, kwa kuwa kitasomwa pia na watu wasioijua tafsida hiyo.

Mganga na daktari

Methali isemayo ‘Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo’ tunaikariri katika siasa na harusi bila kukumbuka kwamba ni methali ya hospitali. Ndwele ni ugonjwa. Msemaji wa Lunyala au Lubukusu akilitazama neno hilo vizuri ataona linafanana na neno la kwao, kwa kuwa katika lugha za Waluhya ugonjwa ni ‘obulwale’ na mgonjwa ni ‘omulwale’. Huo ni undugu wa kweli wa Kibantu, tofauti na ule wa kusikika tu. Kuganga nako ni kutibu, kuunga kilichovunjika, kutengeneza. Ndiyo maana anayejitafutia riziki ndogo husema anaganga njaa.

Kutokana na ‘ganga’ tunapata ‘mganga’. Nchini Tanzania neno hili ni cheo rasmi: Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mfawidhi wa kituo. Wote hao ni wataalamu waliosomea tiba vyuoni. Nchini Kenya neno hilohilo limeteremshwa. Mganga ni wa miti shamba, au mpiga ramli anayebandika karatasi kwenye nguzo za stima akiahidi kurudisha mpenzi aliyetoroka. Mwambie mkazi wa Navakholo kwamba kipimo chake kimepelekwa kwa mganga mkuu, naye atachukua kofia aondoke.

Upande wa pili, ‘daktari’ limepandishwa kupita kipimo. Anayevaa koti jeupe ni daktari, anayeuza dawa kwenye duka la sokoni ni daktari, hata anayedunga ng’ombe sindano ni daktari. Heshima hiyo ni nzuri, lakini ina gharama. Muuguzi, mkunga, mfamasia na tabibu kila mmoja ana kazi yake na mipaka yake. Mgonjwa anayewaita wote daktari hajui ni nani aliyempima, ni nani aliyemwandikia dawa, na akirudi amwulize nani.

Ni hivyo pia kwa majengo. Zahanati, kituo cha afya na hospitali si visawe. Katika mpangilio wa Kenya, jamii yenyewe ni ngazi ya 1, zahanati ni ya 2, kituo cha afya ni cha 3, hospitali ya kaunti ndogo ni ya 4, hospitali ya rufaa ya kaunti ni ya 5, na ile ya rufaa ya kitaifa ni ya 6. Anayejua tofauti hiyo hatamkimbiza mama mwenye uchungu wa uzazi ulioleta matatizo kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji.

Saa nane au masaa manane?

Nimalizie na maagizo ya dawa, maana ndiyo maneno ya mwisho mgonjwa anayotoka nayo mlangoni. “Meza moja kila saa nane.” Mfamasia amekusudia tembe moja, kisha nyingine baada ya muda wa saa nane kupita, jumla tembe tatu kwa siku. Mgonjwa naye anajua saa nane ni wakati, muda mfupi baada ya chakula cha mchana. Atameza tembe moja kila siku inapofika saa nane. Atapata theluthi moja ya dawa aliyoandikiwa, na ikiwa ni dawa ya kuua bakteria, atakuwa amewapa bakteria hao nafasi ya kuizoea.

Walimu wetu wametukemea sana kwa kusema ‘masaa’. Wanatuambia wingi wa saa ni saa. Kwa kamusi wana haki. Lakini sikiliza watu wanavyozungumza: “Nilifika saa nane” na “Nilingoja masaa manane.” Bila kuitisha mkutano wa wataalamu, wasemaji wamejitengenezea tofauti kati ya saa ya kwenye ukuta na muda unaopita. Mwanasarufi anayetaka kulinda usanifu anaweza kuandika “kila baada ya muda wa saa nane”. Asichoweza kufanya ni kuandika “kila saa nane” na kutarajia aeleweke. Lililo bora kuliko yote ni kuzitaja nyakati zenyewe: “Moja asubuhi saa kumi na mbili, moja saa nane mchana, moja saa nne usiku.”

Tufanye nini basi? Istilahi hatuna upungufu mkubwa hivyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba zamani, na kamusi za jumla zimejaa majina ya magonjwa. Korona nayo ilipoingia nchini Machi 2020, neno ‘barakoa’, ambalo wengi hawakuwa wamelisikia, lilifika hadi kwenye vibanda vya mboga kwa miezi michache. Watu hujifunza neno haraka wanapoona lina kazi. Tunachokosa ni mazoea ya kuhakikisha kwamba neno lililotoka kinywani ndilo lililofika sikioni.

Vyuo vinavyowafunza wauguzi na matabibu vingetenga saa chache za Kiswahili cha kliniki, pamoja na maana za mitaani kama homa, kuendesha, presha na sukari. Watayarishaji wa mabango wangeyasoma kwanza kwa akina mama wa kijijini kabla ya kuchapisha, wawaulize wameelewa nini. Na wewe msomaji, ukimsindikiza mzazi wako hospitalini, usitosheke na kutikisa kichwa. Mwambie mhudumu arudie, kisha umwombe mzazi aeleze kwa maneno yake mwenyewe atazimeza vipi dawa hizo, saa ngapi, na hadi lini. Akisema “hadi nipone”, rudini ndani mkaulize tena.